Kibao Kilichotazama Jua

Kila asubuhi, kabla hajanywa kahawa, Hortensia Lake huinama karibu na kibao cha mpigaji, bamba linaloonyesha mahali pa kusimama mpiga mpira, akachota udongo mwekundu kwa vidole viwili na kuusokota kiganjani kama mtu anayesokota utambi wa taa. Utambi ukikatika mapema, udongo una kiu. Ukinata kidoleni, umekunywa kupita kiasi, na hakuna atakayekanyaga hapo mpaka ukauke. Ukisokoteka vizuri, hujifuta mkono kwenye aproni, akauambia udongo, "Haya, endelea," ndipo anaporudi kwenye kijumba chake nyuma ya jukwaa kubandika birika.

Santa Fidela nzima humwita Mis Tencha. Ni mtunza uwanja wa besiboli wa mji, wa tatu katika ukoo wake. Alianza babu yake, Josiah Lake, akafuata baba yake, Alford, na Alford alipokosa mtoto wa kiume akamkabidhi reki binti yake wa kwanza. Wanaume walinung'unika. Sabino Hodge, ambaye enzi hizo alikuwa mrushaji mwenye mkono wa kuogopwa, alisema dukani mbele za watu kwamba mpira ukidunda kwenye udongo uliotengenezwa na mwanamke utakwenda upande upande. Siku ya mechi Sabino alipanda kwenye kichuguu chake cha kurushia, akakikuta kimeshindiliwa sawasawa, akarusha awamu zote tisa bila kuteleza hata mara moja. Alipotoka alimkuta Tencha amesimama kando na reki yake.

"Vipi, Sabino, umekwenda upande upande?"

Tangu siku hiyo ni marafiki, ingawa ukiwasikia wakizungumza utadhani wanagombea shamba la urithi.

Uwanja wenyewe ni mkongwe kuliko karibu kila nyumba ya mji. Watu wa visiwa vya Waingereza vya Karibi, Nevis na Anguilla na Antigua, walipoletwa kukata miwa, wenyeji waliwaita kokolo, na neno hilo siku hizo lilitamkwa na mate ndani yake. Leo mtu hulitaja kama anayetaja cheo. Walikuja na Biblia zao, ngoma na filimbi zao, na kriketi yao. Kiwanda cha sukari kiliwaachia kipande cha ardhi kando ya reli ambako muwa ulikuwa ukipandwa unanyauka. Hapo Josiah Lake na wenzake walijenga mahali pa kuchezea. Walibeba udongo mwekundu kutoka ukingo wa mto kwa madebe, wakauchanganya na molasi iliyomwagwa na kiwanda na majivu ya makapi ya miwa, wakautandaza tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka wakalishindilia kwa gogo la chuma walilopewa na fundi mmoja wa mitambo. Udongo ukashikana. Mvua ikinyesha haukuwa tope, na jua likiwaka haukupasuka.

Watoto wao waliozaliwa hapa hawakuitaka kriketi. Walitaka besiboli, mchezo wa nchi waliyozaliwa. Ilizuka vita ya maneno iliyokaribia kukivunja chama cha kuzikana, maana chama ndicho chenye uwanja, tangu zamani hizo hadi leo. Mwishowe pande mbili zilielewana, na kibao cha mpigaji kikawekwa palepale vilipokuwa vikisimamishwa vijiti vya kriketi, upande wa mashariki. Mji husimulia habari hiyo kwa kifua mbele. Vijana walipata mchezo wao, lakini wakausimika juu ya mgongo wa mchezo wa baba zao, kwa heshima.

Tatizo la heshima hiyo ni kwamba mpigaji alitazama magharibi. Asubuhi hapakuwa na uwanja mzuri kuliko huo, jua likiwa mgongoni na kila kitu mbele kikionekana kama kimeoshwa. Lakini mechi zilichezwa Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula, na jua lilipofika juu ya ukuta wa nyuma lilimwingia mpigaji machoni. Ndiyo maana Santa Fidela walikuwa na saa ya jua. Refa aliinua kofia, wachezaji wakakaa kwenye nyasi, wanawake wakapita na yanikeke za moto, mikate ya kukaanga, ndani ya vikapu na chupa za mabi, kinywaji cha magome, ngoma na filimbi zikalia mpaka jua lizame nyuma ya ukuta. Kisha mchezo ukaendelea katika ule mwanga uliobaki. Wageni walicheka sana. Wa Santa Fidela waliwajibu kwamba hakuna uwanja mwingine nchini ambao jua lenyewe hupewa zamu.

Mwaka ambao mambo yalibadilika, timu ya Santa Fidela ilikuwa imeshinda mechi nyingi kuliko timu yoyote ya mkoa, na kwa kanuni za ligi fainali ilikuwa ichezwe kwao. Ilikuwa haijawahi kutokea. Watu walianza kupaka nyumba rangi. Kisha ligi ikamtuma mhandisi, binti mmoja kutoka mji mkuu, Yokasta Brea, akiwa na mguu-tatu wa kupimia begani na kofia pana ya majani. Aliupima uwanja kwa siku mbili, akala kwa Sabino, akawa mpole kwa kila mtu, halafu akasema alichotumwa kusema. Fainali haiwezi kusimamishwa kupisha jua. Kibao kigeuzwe, kihamie upande wa magharibi ili mpigaji atazame mashariki, au mechi ikachezwe kwa majirani.

Na ilikuwapo sababu ya pili, ambayo hakuna aliyependa kuitaja mbele ya Mis Tencha. Wilton, mtoto wa mdogo wake, ndiye mpigaji bora wa timu. Mwaka uliotangulia refa mgeni alichelewa kuinua kofia, na mpira ukampata Wilton chini ya jicho la kushoto. Mfupa uliunga. Jicho lilibaki na ukungu. Akiulizwa, Wilton husema, "Afadhali. Siku hizi nikiwatazama mmepungua ubaya." Watu hucheka, naye hucheka nao, na mazungumzo huishia hapo.

Chama kilikutana ukumbini mwa kanisa Jumapili baada ya ibada. Sabino, ambaye sasa ni mwenyekiti na tumbo lake hufika mahali kabla yake, aligonga meza.

"Ndugu zangu, mmesikia. Kila mmoja ana kura moja. Lakini mnajua desturi. Jukwaa ni letu sote, ukuta ni wetu sote, nyasi ni zetu sote. Udongo una mwenyewe. Tencha akikataa, kura zetu tukapikie uji."

Vichwa viligeuka. Tencha alikuwa amekaa safu ya nyuma na kofia yake ya kanisani, mikono juu ya mkoba.

"Nakataa," alisema.

"Subiri basi tujadili."

"Jadilini. Mimi nimekwisha kusema."

"Tencha, ni fainali."

"Najua ni nini. Babu yangu alikiweka kibao pale kwa mikono yake. Baba yangu alikilinda kimbunga kilipong'oa paa la kanisa hili hili. Leo nije mimi nikichimbue kwa sababu watu wa ligi hawapendi jua? Mwacha asili ni mtumwa, Sabino. Na sisi utumwa tunaujua."

Mama mmoja alisema "Amina" kwa mazoea, akajifunika mdomo.

Wiki hiyo dukani kwa Mchina hapakuwa na habari nyingine. Wanaume waliokuwa wakicheza domino mlangoni walinyamaza Tencha alipoingia kununua mafuta ya taa, na alipotoka mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Wenzetu wa jirani wameanza kufagia. Wanatushukuru sana."

"Nenda ukawasaidie," Tencha alimjibu bila kugeuka. "Kwenu fagio halijawahi kukujua."

Walicheka, na yeye alitembea wima mpaka nyumbani. Lakini usingizi ulimpungua. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba fainali ikiondoka, itakuwa imeondoka kwa neno lake moja, na kwamba Wilton, aliyeipigania timu msimu mzima kwa jicho moja na nusu, atakwenda kucheza fainali yake mbele ya watu wanaomzomea. Wilton mwenyewe hakumwambia lolote. Alikuja kama kawaida kumsaidia kuvuta bomba la maji, akatania, akala wali na maharage, akaondoka. Ukimya wake ndio uliomsumbua zaidi kuliko maneno ya dukani.

Siku ya nne Yokasta alibisha hodi kijumbani. Hakuwa amekuja kubembeleza. Aliomba ruhusa ya kuchimba shimo dogo kando ya kibao, lisilozidi upana wa sufuria, aone kilichomo.

"Ili uandike kwamba ni uchafu?" Tencha aliuliza.

"Ili nijue. Nimepima viwanja vingi, Mis Tencha. Vyote baada ya mvua huwa supu. Hiki chako kilinyeshewa juzi, nikapita juu yake na viatu vikatoka safi."

Sifa ina njia yake ya kuingia mahali ambapo hoja imezuiwa mlangoni. Tencha alichukua koleo mwenyewe. Alikata duara, akanyanyua kifuniko cha juu kama anayefungua chungu, kisha wote wawili wakapiga magoti. Ndani ya shimo udongo ulionekana kama keki iliyokatwa kisu. Tabaka jekundu, tabaka jembamba jeusi la molasi na majivu, jekundu tena, jeusi tena, kwenda chini mpaka mwanga ulipoishia. Tencha alikuwa ameishi juu ya tabaka hizo maisha yake yote, na hakuwahi kuziona. Alipitisha kidole juu yake taratibu. Kwenye moja palikuwa na alama, kitu kama kisigino cha mtu asiye na viatu.

"Hawa walikuwa watu makini," Yokasta alisema.

"Walikuwa wakata miwa."

"Sijasema tofauti."

Treni ya miwa ilipita upande wa pili wa ukuta, ikapiga honi yake ndefu.

"Umeona sasa," Tencha alisema. "Kitu kama hiki nitakihamishaje?"

"Kukuambia kwamba si kazi nzuri siwezi, maana ni nzuri. Kukuambia kwamba jua si jua, siwezi pia." Binti yule alijipangusa magoti. "Naomba kitu kimoja. Leo alasiri, jua likifika pale, simama kwenye kibao na gongo la kupigia mpira mkononi."

Tencha aliangua kicheko. "Mimi? Kibao hiki nimekifuta vumbi tangu mama yako hajazaliwa."

"Asubuhi?"

Ilikuwa kweli. Kazi ya udongo ni ya asubuhi. Alasiri ya mechi yeye huwa nyuma ya jukwaa, akichanganya udongo wa kuzibia mashimo baina ya awamu, na akitoka mbio na toroli lake hutazama chini. Enzi za ujana wake wasichana hawakupewa gongo. Kwenye kibao cha babu yake alikuwa hajawahi kusimama akingoja mpira hata siku moja.

Alasiri ile walikuwa watu wanne tu uwanjani. Sabino alikuja kwa sababu hakuna jambo linalofanyika Santa Fidela bila Sabino kuja. Wilton aliletwa arushe, na mpira ulikuwa wa soksi kuukuu zilizokunjwa na kushonwa, ule ambao watoto huchezea mitaani.

"Mama Mkubwa, shika juu kidogo," Wilton alisema kutoka kwenye kichuguu. "Si ufagio huo."

"Rusha, acha kunifundisha."

"Tencha," Sabino aliita kutoka kivulini, "kiuno kikikataa tutampigia daktari simu."

"Chako kilikataa zamani na hakuna aliyempigia."

Jua lilikuwa limekaa juu ya ukuta, kubwa, rangi ya kiini cha yai. Tencha alikaza macho. Alimwona Wilton kama kivuli tu, kijiti cheusi ndani ya moto. Kijiti kiliinua mkono. Kisha hakukuwa na kitu, na kitu laini kikamgonga kifuani.

"Umerusha tayari?"

"Nimerusha, Mama Mkubwa."

"Rusha tena."

Ule wa pili ulimpita sikioni. Alisikia upepo wake. Wa tatu alijiambia hatapepesa, akafungua macho hadi yakatoka machozi, akasikiliza, akapiga gongo kwa nguvu zake zote hewani, na soksi ikampata mdomoni.

Sabino alianza kucheka, akaacha. Tencha alikuwa bado amesimama, amejishika midomo. Ilikuwa soksi tu, haikumwumiza. Alitembea mpaka kwenye kichuguu, akamgeuza Wilton uso kwa kidevu, kama alivyokuwa akimfanyia akiwa mdogo anapotaka kuona kama amenawa, akalitazama lile jicho la kushoto.

"Siku ile uliona nini?"

Wilton alitaka kutania. Ulionekana utani ukimjia mdomoni na kurudi.

"Sikuona kitu, Mama Mkubwa. Nilisikia tu."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba kibao cha babu kina makosa?"

Tencha alimwachia kidevu. Alikwenda kijumbani, akafunga mlango, na wale watatu wakabaki wakitazamana kama watu waliovunja sahani ya mwenye nyumba. Sabino alikuwa ameshaanza kuvaa kofia aondoke mlango ulipofunguka tena. Tencha alitoka amebeba madebe mawili yenye vishikio vya waya, moja kila mkono.

"Sabino, itisha watu Jumapili. Wote. Ibada iwe fupi, mwambie mchungaji nimesema mimi."

"Kibao kinageuka?"

"Kibao kinageuka, na udongo unakwenda nacho." Alimgeukia Yokasta. "Ligi walisema wataleta udongo wao kwenye mifuko. Waambie wakapandie maua. Huu hauachwi hapa ukakanyagwe na wadaka mipira."

"Mis Tencha, ni tani nyingi. Naweza kuomba mashine."

"Mashine itakoroga tabaka. Huu ulikuja kwa mikono."

Basi ikawa hivyo. Jumapili ile watu waliitwa kazi kama wanavyoitana kulima shamba la mtu anapougua, bila ujira, chakula kikiwa juu ya mwenye shamba, na mwenye shamba safari hii alikuwa mji mzima. Walijipanga mstari kutoka mashariki mwa uwanja hadi magharibi, mkono kwa mkono, madebe yakienda yamejaa na kurudi matupu. Wapiga domino wa kwa Mchina walikuwepo, na yule wa fagio aliwekwa makusudi katikati ya mstari, mahali pasipo na nafasi ya kupumzika. Fundi wa kiwanda alileta pipa la molasi ya moto. Nyuki nao walikuja bila kualikwa.

Tencha hakubeba hata debe moja. Alisimama kwenye shimo jipya na reki yake, na kila tabaka alilipokea, akalitandaza, akasokota udongo wake kiganjani, akasema ndiyo au hapana. Alisema hapana mara nyingi. Mchungaji alipoleta debe lenye nyasi ndani yake alirudishwa nalo kama mtu mwingine yeyote.

"Na hili lina nini?" mchungaji alilalamika.

"Lina majani, mchungaji. Unaweza kulihubiria likiwa njiani."

Lile gogo la chuma lilikuwa limelala nyuma ya jukwaa miaka mingi, na kuku walitagia chini yake. Wanaume wanane walilivuta, Sabino akiwahesabia hatua kwa wimbo wa zamani wa wakata miwa ambao nusu ya maneno yake hakuna tena aliyejua maana yake. Lilipopita mara ya kwanza juu ya udongo ulionyweshwa molasi, harufu tamu, nzito, ilipanda, na wazee waliokaa kwenye viti vyao kando ya mstari wakaacha kuongea. Ni harufu waliyoipata mara ya mwisho wakiwa watoto.

Jumapili moja haikutosha. Walirudi iliyofuata, na watu walikuwa wengi zaidi, maana wa vijiji vya mashamba ya miwa walikuwa wamesikia. Tabaka la mwisho lilipopita chini ya gogo, kijana mmoja alisema, si kwa ubaya, kwamba leo Mis Tencha ameshindwa na ligi.

"Nimeshindwa na soksi," Tencha alisema. "Ligi waje wajaribu kujenga hiki."

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni jukwaa. Jukwaa la mbao na mabati lilikuwa nyuma ya kibao cha zamani, na kibao kilipohamia upande wa pili, waliokaa jukwaani wakawa wanatazama migongo ya wachezaji wa nyuma. Tena Yokasta akaeleza kwamba mpigaji sasa anatazama moja kwa moja huko, na mpira mweupe ukitoka kwenye umati wa nguo nyeupe hautaonekana. Wanaokaa jukwaani wavae nguo za rangi ya giza. Mama wa kanisani, ambao kwa vizazi vitatu wamekuja uwanjani na magauni meupe na kofia nyeupe, walilipokea jambo hilo kama tusi.

"Yaani nivae nyeusi kwenye fainali?" mmoja alimwuliza Tencha. "Amekufa nani?"

"Vaa kahawia, dada. Au kaa kwenye nyasi na weupe wako."

Wengi walikaa kwenye nyasi.

Siku ya fainali Tencha alichelewa kuingia. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya zambarau iliyokoza, aliloshonewa kwa ajili ya siku hiyo, na alikaa kwenye benchi dogo karibu na toroli lake. Timu ya wageni ilipiga kwanza. Mpira wa kwanza uliogongwa ulikwenda chini, kasi, moja kwa moja juu ya udongo mpya, na watu wote walioubeba udongo ule kwa madebe walishika pumzi pamoja. Ulidunda mara moja, ukapanda kiunoni, ukaingia kwenye glovu ya Wilton kama ulioitwa jina. Sabino, upande wa pili wa uwanja, alivua kofia na kuielekeza kwa Tencha. Yeye alijifanya anatazama toroli.

Jua lilipofika juu ya ukuta, wapiga ngoma waliinuka kwa mazoea, na muuza yanikeke mmoja tayari alikuwa ameingia uwanjani na kikapu chake. Refa akawaashiria watoke. Mchezo uliendelea. Mwanga wote ulikuwa mgongoni mwa wapigaji na uwanja mbele yao ulikuwa wazi hata ungehesabu mishono ya mpira. Ngoma hazikukubali kabisa kunyamaza. Zilipigwa chini chini, nje ya mstari, na kikapu kikapita kwenye nyasi, na watu wakala huku wakitazama.

Santa Fidela walishinda. Wilton alipiga mara mbili vizuri na mara moja vibaya, na ile mara ya vibaya alimlaumu mke wake aliyekuwa ameketi jukwaani na kitambaa cha njano. Lakini jambo ambalo mji ulilibeba nyumbani jioni ile lilikuwa jingine. Kocha wa wageni, mtu mzima aliyewahi kucheza katika viwanja vikubwa vya nje, kabla hajapanda basi alichuchumaa karibu na kibao na kuweka kiganja chake juu ya udongo. Akauliza ni kampuni gani imeutengeneza. Watu kadhaa walitaka kumjibu kwa pamoja, hivyo wakaishia kumwonyesha kwa kidole. Alikwenda mpaka kwenye benchi, akampa Tencha mkono.

"Mama, kwetu tuna taa na viti vya plastiki. Udongo kama huu hatuna."

"Mnao mto?"

"Tunao."

"Na watu?"

Alicheka, akasema atawauliza.

Watu walipoondoka kwenda kusherehekea, Yokasta alibaki akikunja mguu-tatu wake. Kwa wiki zote zile alikuwa ameuliza habari za maji na miteremko na uzito wa gogo, na majibu yote ameyapata. Mji mzima ulikuwa umemsimulia habari ya heshima, ya kriketi iliyolala chini ya besiboli, na aliipenda. Lakini alikuwa ameliona shimo lile, na watu waliopanga tabaka zile hawakuwa watu wa kutojua jua linachwea wapi. Alikaa kwenye ukingo wa benchi.

"Mis Tencha, babu yako alikuwa mpigaji. Alilijua jua hilo kuliko mtu yeyote. Kwa nini hakukigeuza kibao mwenyewe?"

Tencha alifikiri kidogo, akitazama mahali kibao kilipokuwa, ambapo vijana wawili sasa walikuwa wakirushiana mpira.

"Kiwanda kiliwapa Jumapili tu, mwanangu," alisema. "Na Jumapili walitaka kucheza."